Filamu sita za katuni za kutazama na watoto, na maongezi yanayofuata



Likizo kubwa ikianza, swali moja hurudi katika mikutano yetu ya wamama na wababa: watoto watazame nini? Shule imefungwa, vumbi ni jingi, na mtoto asiye na kazi huenda kwenye kibanda cha sinema cha mtaani. Huko, kwa franka chache, anakaa kutwa nzima akitazama watu wanavyopigwa risasi. Wengi wa watoto hao wamekwisha kusikia risasi za kweli. Wakirudi nyumbani tunawauliza kama wamekula, lakini hatuwaulizi walichokiona.

Ndiyo sababu tulifanya jaribio dogo. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, tuliwakusanya watoto katika ukumbi wa kanisa. Vyombo vyetu vilikuwa shuka nyeupe ukutani, projekta ya kuazima na betri iliyochajiwa kwa jua. Filamu zilikuwa za Kifaransa, na mwalimu mmoja alisimama kando akieleza kwa Kiswahili. Walikuja watoto wa miaka 5 hadi 14. Wengine ni wenyeji wa mtaa, wengine ni wa familia zilizokimbia vita na sasa wanaishi kwa jamaa zao. Filamu ilipokwisha tulizima mashine, tukakaa kwa duara, tukaongea.

Baadaye sisi walimu tulizipanga filamu hizo kwa daraja. Hatukutafuta filamu yenye picha nzuri kuliko nyingine, wala inayotaja jina la Mungu mara nyingi. Tulijiuliza: filamu hii ilituachia maongezi gani? Iliyowachekesha tu tuliishusha. Iliyomfanya mtoto aseme jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu tuliipandisha. Hatukukubaliana katika yote, na mtaona wapi.

Neno kuhusu alama ya "watoto wote"

Filamu nyingi za katuni zina alama inayosema kwamba zinawafaa watoto wote. Alama hiyo ni msaada, lakini iliwekwa na watu wa Ulaya au Marekani waliokuwa wakiwafikiria watoto wao. Hawakumfikiria mtoto wa Beni au wa Masisi aliyelala porini usiku. Picha ya wapanda farasi wenye silaha wanaofukuza familia ni sehemu fupi tu ya hadithi kwa mtoto mmoja, na kwa mwingine ni kumbukumbu ya mwaka jana.

Tena, msidhani kwamba picha za kuchorwa haziumizi. Katika katuni ya mkono, sekunde moja ya filamu inapita picha 24, na wachoraji hufanya kazi miaka mingi ili uso wa simba uonyeshe huzuni ya mtu. Siku hizi picha nyingi hutengenezwa kwa kompyuta, lakini kusudi ni lile lile: mtoto ajione ndani ya yule anayemtazama. Mtoto anajua kwamba ni mchoro, na bado analia. Kwa hiyo katika kila filamu tumeandika pia mahali pa kuangalia.

Nafasi ya 6: Le Monde de Nemo (2003)

Dakika 100 hivi. Kuanzia miaka 6.

Baba samaki anaitwa Marin. Mwanzoni tu mwa filamu, samaki mkubwa anamshambulia mke wake na mayai yao yote, na linabaki yai moja. Kutoka katika yai hilo anazaliwa Nemo, mwenye pezi moja dogo kuliko lingine. Baba anaogopa kila kitu kwa ajili yake. Siku ya kwanza ya shule Nemo anamkasirikia baba yake, anakwenda mbali, na mzamiaji anamkamata. Anapelekwa katika bakuli la samaki kwa daktari wa meno mjini Sydney, Australia. Baba mwoga anavuka bahari kumtafuta, akisaidiwa na Dory, samaki anayesahau kila anachoambiwa.

Watoto wa kandokando ya ziwa waliielewa kuliko tulivyotazamia. Mwishoni wavu unawachukua samaki wengi, na Nemo anawaambia wote waogelee kuelekea chini kwa pamoja mpaka wavu ukatike. Wale ambao baba zao huvua sambaza walisimama na kupiga kelele. Mmoja alilalamika kwamba mvuvi ameumia pia, na wavu ni ghali.

Maongezi mazuri yalitoka kwa mzazi. Mama mmoja mwenye mtoto mlemavu wa mguu alisema mbele ya wote kwamba hamtumi mtoto wake hata dukani, na sasa anajiuliza kama anamlinda mtoto au anajilinda yeye mwenyewe. Tunaiweka ya sita kwa sababu ni ndefu, na vichekesho vyake vingi viko katika maneno ya Kifaransa ambayo mfasiri wetu hakuweza kuyafuata.

Mahali pa kuangalia: dakika tano za kwanza, kifo cha mama.
Swali la kuuliza: Je, kuna jambo ambalo unaweza kulifanya, lakini sisi wakubwa tunakukataza kwa sababu ya woga wetu?

Nafasi ya 5: Encanto (2021)

Saa moja na dakika 40 hivi. Kuanzia miaka 7.

Hadithi iko Kolombia, katika Amerika ya Kusini. Nchi hiyo, kama Kongo yetu, ni moja ya nchi zenye watu wengi sana waliokimbia makwao bila kuvuka mpaka. Mama kijana, Alma, anakimbia usiku pamoja na mume wake Pedro na watoto wao watatu wachanga. Mtoni wenye silaha wanawafikia, na Pedro anarudi nyuma kuwakabili. Hakurudi tena. Alma anabaki na watoto watatu na mshumaa mmoja, ambao katika hadithi unakuwa na nguvu ya ajabu na kuwajengea nyumba.

Miaka inapita. Alma sasa ni nyanya, na kila mtu wa familia amepewa kipawa, isipokuwa mjukuu wake Mirabel. Nyanya ni mkali. Anataka kila mtu atumike na asionyeshe udhaifu. Luisa, dada mkubwa, ana nguvu ya kubeba punda na mawe, na kwa siri anachoka. Mjomba Bruno amekatazwa hata kutajwa jina. Polepole nyumba inapasuka kuta.

Msichana wa miaka 9 alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hata sisi tulivuka mto." Nyanya yake alikuwa ameketi nyuma ya ukumbi. Alisema baadaye kwamba alidhani mtoto alikuwa mdogo mno na hakumbuki.

Kuhusu mshumaa na nyumba ya ajabu, wazazi fulani waliuliza kama si uchawi. Tuliwaeleza watoto waziwazi kwamba ni hadithi, na kwamba sisi hatuombi kwa mshumaa. Walielewa bila shida. Shida kubwa zaidi ilikuwa wingi wa watu katika hadithi na nyimbo za haraka, ambazo ziliwapoteza wadogo.

Mahali pa kuangalia: kukimbia usiku na kifo cha Pedro, ambavyo vinaonyeshwa mwanzoni kwa kifupi na mwishoni kwa urefu.
Swali la kuuliza: Katika nyumba yetu, nani anabeba mzigo mkubwa bila kusema?

Nafasi ya 4: Le Prince d'Égypte (1998)

Dakika 100 hivi. Kuanzia miaka 8.

Wengi watashangaa kwamba filamu ya Musa haikuwa ya kwanza. Ni filamu kubwa kwa kweli. Bahari inapofunguka, ukumbi wote ulinyamaza. Wimbo wake mkuu ulipata tuzo ya Oscar. Mmoja wa waongozaji wake watatu, Brenda Chapman, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza filamu ya katuni ya studio kubwa ya Marekani.

Shida ni kwamba watoto wa Shule ya Jumapili wanaijua hadithi. Tulipouliza maswali walijibu kama siku ya mtihani: Musa, Farao, mapigo kumi. Majibu yalikuwa sahihi, lakini hayakuwa maneno yao wenyewe.

Hata hivyo, inafaa sana kwa kusoma Biblia. Filamu yenyewe inasema mwanzoni kwamba watengenezaji walijipa uhuru fulani. Tuliwapa watoto wakubwa kazi ya kutafuta tofauti. Katika Kutoka 2, ni binti Farao anayemtoa Musa majini, lakini katika filamu ni mke wa Farao. Biblia inasema Musa aliangalia huku na huku, akamwua Mmisri na kumficha mchangani. Katika filamu ni ajali, mtu anaanguka kutoka juu. Kutoka 7 inasema Musa alikuwa na miaka 80 na Haruni miaka 83 waliposimama mbele ya Farao, na Haruni ndiye msemaji. Katika filamu Musa ni mtu wa umri wa kati, na Haruni ni mwoga wa pembeni. Watoto waliokuwa hawafungui Biblia walibishana wakiwa na vidole juu ya mistari.

Jambo moja lilitushika sisi wakubwa. Baada ya kifo cha wazaliwa wa kwanza, Farao anawaruhusu Waisraeli kwenda. Musa anatoka nje, anaanguka chini na kulia, kwa sababu mtoto aliyekufa ni wa mtu aliyelelewa pamoja naye kama ndugu. Tuliuliza: mtu anaweza kumlilia mtoto wa adui yake? Kijana wa miaka 13 akajibu, "Hapana." Hatukumsahihisha, kwa kuwa tunajua anakotoka. Tulimwambia tu kwamba tumesikia, na kwamba swali linabaki wazi kwake na kwetu.

Mahali pa kuangalia: kuuawa kwa watoto wachanga, pigo la mwisho na viboko vya watumwa.
Swali la kuuliza: Musa alilia kwa sababu gani siku ya ushindi?

Nafasi ya 3: Le Roi Lion (1994)

Karibu saa moja na nusu. Kuanzia miaka 7.

Hii ndiyo filamu ambayo watoto wetu huijua kabla ya kuiona, kwa kuwa inasema maneno yetu. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa ni yule aliyepumbaa. Hata "hakuna matata" hatuhitaji kutafsiriwa. Huku kwetu neno matata tunalijua vizuri mno: ni ugomvi, ni shida, ni vita.

Mfalme Mufasa anakufa akimwokoa mwana wake kutoka katika kundi la nyumbu wanaokimbia. Aliyemwua ni ndugu yake, Scar. Lakini Scar anamwambia mtoto kwamba kosa ni lake: kama si yeye, baba angekuwa hai. Anamwambia akimbie asirudi. Simba anakimbia, na anakua na uongo huo moyoni.

Hapo ndipo mtoto mmoja wa miaka 11 alitoka nje ya ukumbi. Mwalimu wake alimfuata, akaketi karibu naye kwenye ngazi bila kumwuliza kitu. Baada ya muda mrefu mtoto akasema: "Mama mwalimu, ni mimi nilimwambia baba arudi kuchukua mbuzi." Baba alikuwa amerudi kijijini siku ya mashambulizi, na hakuonekana tena. Kwa miaka miwili mtoto huyu hakumwambia mtu. Alikuwa anafukuzwa shuleni kwa kupigana, na sisi tulikuwa tunamwombea atoke katika utundu.

Mwalimu alimwambia maneno machache: waliomwua baba yako ni wale waliomwua. Mtoto anayewaza mbuzi hajamwua mtu. Jioni ile walikwenda pamoja kwa mama yake, na mtoto akayasema tena. Tunaeleza haya kwa ruhusa ya mama, na tumebadilisha mambo madogo ili mtoto asitambulike.

Baada ya siku ile tulizungumza tena juu ya wimbo wa hakuna matata. Timoni na Pumbaa wanamfundisha Simba kusahau yaliyopita. Wanamtendea wema, wanamlisha, wanamchekesha. Lakini filamu yenyewe inaonyesha kwamba haitoshi, kwa kuwa Simba hana amani mpaka arudi na kusikia ukweli juu ya kifo cha baba yake. Tulijiuliza kama sisi pia kanisani hatuwaambii watoto "sahau, mshukuru Mungu uko hai" haraka mno.

Wazee wawili walikuwa na wasiwasi juu ya Mufasa anayeonekana katika mawingu na wafalme wa kale walio katika nyota. Ni wasiwasi wa haki. Tulichukua nafasi hiyo kusoma 1 Wathesalonike 4, ambapo Paulo hakatazi kuomboleza, bali anataka tuomboleze kama watu wenye tumaini.

Mahali pa kuangalia: kifo cha Mufasa. Mtu mzima awe karibu na mlango.
Swali la kuuliza: Je, kuna jambo baya lililotokea ambalo unafikiri ni kosa lako?

Nafasi ya 2: Vice-Versa (2015)

Saa moja na dakika 35 hivi. Kuanzia miaka 8.

Riley ana miaka 11. Wazazi wake wanahama kutoka Minnesota kwenda San Francisco, na anaacha nyumba, marafiki na mchezo wake. Hawakimbii vita, wanahama kwa ajili ya kazi ya baba. Lakini filamu inaingia ndani ya kichwa chake, ambako hisia tano zinashika usukani: Furaha ya rangi ya njano, Huzuni ya buluu, Hasira nyekundu, Woga wa zambarau na Kinyaa cha kijani.

Furaha anataka Riley afurahi siku zote. Kwa hiyo anamchorea Huzuni duara sakafuni na kumwambia asimame ndani yake asiguse kitu. Wazazi nao, bila kujua, wanafanya hivyo hivyo: wanamwomba binti aendelee kuwa mchangamfu kwa ajili yao. Polepole Riley anakuwa baridi, hasikii tena kitu, na anaamua kutoroka.

Kuna tukio fupi ambalo tulilionyesha mara mbili. Rafiki wa utotoni wa Riley, kiumbe anayeitwa Bing Bong, anapoteza kigari chake na kuketi chini. Furaha anamfanyia vichekesho ainuke haraka, na haisaidii. Huzuni anakuja, anaketi pembeni yake, anakubali kwamba alichopoteza kilikuwa kizuri, na kumsikiliza. Bing Bong analia, kisha anasimama mwenyewe. Furaha anashangaa: umefanyaje?

Marafiki wa Ayubu walifanya hivyo pia. Kwa siku saba waliketi chini pamoja naye bila kusema neno (Ayubu 2:13). Makosa yao yalianza walipofungua kinywa. Na Yesu, ambaye alijua kwamba atamfufua Lazaro, alilia kwanza (Yohana 11:35). Sisi tumezoea kumwambia mtoto: nyamaza, mwanaume halii, machozi ni kukosa imani. Tumerudia maneno hayo hata makaburini. Filamu hii ilituhukumu.

Kwa watoto ilikuwa shule ya maneno. Wengi walikuwa na maneno mawili tu, "niko muzuri" na "niko mubaya". Tuliwapa karatasi na penseli za rangi wachore duara tano, wapake kila hisia kwa kadiri ya wiki yao. Msichana mmoja aliomba duara la sita. Tukamwuliza la nini. Akasema, "La haya." Hatukumwuliza zaidi mbele ya wengine. Tukafurahi kujua kwamba filamu ya pili, iliyotoka 2024, imeongeza hisia mpya, na haya ni mojawapo.

Mahali pa kuangalia: sehemu ya katikati ni ngumu kwa wadogo, mfasiri awe na subira.
Swali la kuuliza: Ukiwa na huzuni, unataka mtu akufanyie nini?

Nafasi ya 1: Kirikou et la Sorcière (1998)

Saa moja na robo hivi. Kuanzia miaka 7, baada ya wazazi kuitazama kwanza.

Hapa ndipo hatukukubaliana. Walimu wawili walisema filamu hii isionyeshwe kanisani, na walikuwa na sababu: wanawake wa kijiji wako kifua wazi, Kirikou yuko uchi tangu kuzaliwa, na jina lenyewe lina mchawi ndani yake. Tuliamua kwamba watu wazima watazame kwanza peke yao. Mmoja wa wale wawili ndiye aliyeomba baadaye iwe ya kwanza. Mwingine bado anasema hapana, na tunamheshimu.

Michel Ocelot, aliyeitengeneza, ni Mfaransa aliyekulia Guinea, na aliijenga juu ya simulizi la Afrika Magharibi. Muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Katika nchi nyingine wasambazaji walitaka wanawake wa katuni wafunikwe, na Ocelot alikataa, kwa kuwa alichora Afrika ya utoto wake. Kila kanisa litaamua lenyewe.

Kirikou anazungumza akiwa bado tumboni mwa mama yake, na anajizaa mwenyewe. Kijijini hakuna maji, na wanaume karibu wote wametoweka. Watu wanasema ni Karaba mchawi amekausha chemchemi na kuwala wanaume. Wote wanaogopa, na kila mmoja ana la kusema juu ya Karaba. Kirikou peke yake anauliza: kwa nini Karaba ni mbaya? Wanamwambia anyamaze, kwa kuwa ni mdogo.

Anaendelea kuuliza, na majibu yanakuja moja moja. Chemchemi haikukaushwa na uchawi: kuna mnyama ndani ya pango aliyekunywa maji yote, na Kirikou anamtoboa. Wanaume hawakuliwa. Mwishoni anamfikia babu yake mwenye hekima mlimani. Kirikou anamwomba hirizi ya kumlinda, na babu anakataa kumpa. Kisha anamweleza siri: wanaume walimshika Karaba kwa nguvu na kumchoma mwiba wenye sumu mgongoni. Mwiba huo unamtesa usiku na mchana, na ndio unaompa uchungu wake. Hataki utolewe, kwa kuwa anajua kuutoa kutauma kama siku ile ulipoingizwa. Kirikou anauvuta kwa meno. Karaba anapiga kelele, na anapona.

Hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wetu mwiba huo ni nini katika majimbo yetu. Kwa watoto hatukuueleza, tuliacha uwe mwiba. Lakini wamama walioketi nyuma walielewa, na maongezi yao yaliendelea hadi giza. Mmoja alisema: "Tunawaita wanawake hawa wakali, wenye roho mbaya. Nani amewahi kuuliza?" Katika Marko 5 kuna mtu wa makaburini ambaye kijiji kilimfunga kwa minyororo. Yesu anapofika, anauliza jina.

Sababu ya pili ya kuiweka juu ni watoto wenyewe. Katika nchi yetu, mtoto mwerevu kupita umri wake, mtoto mlemavu au yatima anayekojoa kitandani anaweza kuitwa mchawi, na mara nyingine aliyemwita hivyo alisimama madhabahuni. Sheria ya Kongo ya 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshtaki mtoto uchawi na inatoa adhabu. Kirikou ndiye mtoto wa aina hiyo hasa: mdogo mno, anasema mapema, anajua mambo. Katika familia nyingi angefukuzwa. Katika filamu ndiye anayeleta maji.

Mahali pa kuangalia: uchi, na Karaba anapopiga kelele.
Swali la kuuliza: Kuna mtu ambaye wote wanasema ni mbaya. Je, tunajua kwa nini?

Namna ya kufanya nyumbani au parokiani

Tazameni filamu nzima kabla ya watoto. Flashi inayojazwa sokoni mara nyingi ina vitu vingine baada ya katuni, na mtoto ataendelea kutazama mkiwa jikoni.

Waambieni watoto mapema, bila kuficha: "Katika hadithi hii baba atakufa. Ukitaka kutoka, toka, mtu atakuwa nje pamoja nawe." Mtoto aliyeonywa anavumilia zaidi kuliko aliyeshtushwa.

Filamu moja kwa siku inatosha. Ikiwa betri ni dogo, katisheni kwa siku mbili. Watoto hawakulalamika, walikuja wakiwa wamebuni mwisho wao.

Ulizeni swali moja, mnyamaze. Ukimya wa dakika mbili ni mrefu kwa mwalimu, na mtoto anauhitaji. Mtu asilazimishwe kusema, na asitungiwe mahubiri juu ya alichosema.

Mtoto akisema jambo zito, msiahidi kwamba mtaficha yote. Mwambieni kwamba mtatafuta msaada pamoja naye. Andaeni mapema nani wa kumwendea: mchungaji, mama wa idara ya familia, muuguzi au mshauri wa kituo cha afya.

Mama wa yule mtoto wa mbuzi alituletea habari kabla hatujamaliza makala hii. Anasema mtoto bado ana usiku mbaya, lakini sasa anamwamsha. Siku ya posho iliyopita alikuja mapema kusaidia kufunga shuka ukutani, akauliza kama tunaweza kuonyesha tena filamu ya simba. Tukamwambia ndiyo. Akasema safari hii atakaa mpaka mwisho, kwa sababu hakuiona sehemu ambapo Simba anarudi nyumbani.

Mwombeeni, pamoja na watoto wote walio kama yeye katika makanisa yetu. Na ninyi mnaojua filamu nyingine iliyowafungulia watoto wenu kinywa, waelezeni walimu wa parokia yenu kabla ya likizo kwisha.